Kadi Tatu za Karavia

Alexis Mwape hakuwa bahili. Hili lisemwe mapema, maana majirani zake wote wa mtaa wa Kampemba walimwita bahili, nao walikosea. Bahili hataki kutoa. Alexis alitoa, ila alitoa baada ya kulinganisha, na kulinganisha kwake ndiko kulikowatoa watu roho. Akitumwa samaki, alizunguka soko zima akipima huyu na yule, kisha akarudi kwa muuzaji wa kwanza na kukuta samaki ameshachukuliwa. Alipotaka kuoa, wazee wa Victorine walingoja miezi minane huku bwana harusi akipiga hesabu kama arusi ya kabla ya Pasaka ina nafuu kuliko ya baada. Victorine alipenda kusema kwamba hakujua alilinganishwa na nani, ila anashukuru Mungu alishinda.

Alizaliwa Kabalo, kaskazini, kwa baba aliyetandika reli. Akiwa na miaka kumi na saba alikuja Élisabethville, mji ambao wenyeji waliuita Lubumbashi siku zote, akaajiriwa na reli ileile. Mwaka huo wa 1961, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, alikuwa pointeur wa depo: mtu anayesimama mlangoni asubuhi na daftari, akitia alama mbele ya jina la kila mfanyakazi anayeingia. Asiye na alama hakuja kazini, hata kama amesimama mbele yako anakohoa. Ukifanya kazi hiyo miaka ishirini, unaanza kuamini kwamba hakuna kitu duniani mpaka kiandikwe.

Mwaka mmoja nyuma Katanga ilikuwa imejitangaza kuwa nchi peke yake. Ikapata bendera yake, faranga zake na askari wake, na kule kaskazini ikapata na vita vyake. Treni zikawa zinakuja zikipenda. Mgiriki mmoja aliyekuwa akizunguka na mashine za michezo, akitaka kuzipeleka Rodezia, alinyimwa mabehewa mara tatu. Mara ya nne alichoka, akazipakua zote na kuzisimamisha Karavia, nje kidogo ya mji, karibu na maji. Kulikuwa na farasi wa mbao wanaozunguka, bembea za mashua, na katreni kadogo kanakopita chini ya miti. Akazungushia waya, akaweka lango, na langoni akatundika ubao. Ubao huo ndio uliomtesa Alexis.

Uliandikwa kwamba bustani itafunguliwa kila Jumapili ya kiangazi, kuanzia mwanzo wa mwezi wa sita mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, na kwamba mtu anaweza kulipia msimu wote kwa namna tatu. Ya kwanza, kadi ya mtu mmoja, faranga sitini. Ya pili, kadi ya familia, faranga mia mbili na hamsini: baba, mama na watoto wasiozidi watano, wote wakiandikwa kwa majina. Ya tatu, kitabu cha kuponi ishirini, faranga mia: kuponi moja, mtu mmoja, siku moja, na hakuna anayeuliza jina. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na tiketi ya siku moja kwa faranga kumi na tano, ya wale wasiojua kufikiri.

Mtu mwingine angesoma, angekuna kichwa, angenunua. Alexis alinakili ubao wote kwenye daftari, akarudi nyumbani, akahesabu Jumapili za msimu. Zilikuwa ishirini na mbili. Alipomaliza kulinganisha kwa mara ya kwanza, zilikuwa zimebaki ishirini na moja.

"Baba Émile, unahesabu nini tena?" Victorine aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Ile carte ya famille njo muzuri. Lipa, tuingie, tumalize mambo."

"Nani anasema iko muzuri? Banataka majina. Mu livret yetu muko batoto bane." Livret ni kile kitabu cha serikali kinachoandikwa mke na watoto wa mtu. "Mu nyumba beko batano."

"Sasa andika batano. Bao benyewe banasema batano."

"Annie haiko mu livret."

"Haiko mu livret, lakini iko mu chungu yangu kila siku."

Annie alikuwa binti wa Angélique, dada mdogo wa Alexis aliyebaki Kabalo. Aliletwa mwezi wa pili, kwa lori na kwa treni, na fundi mmoja wa reli aitwaye Gérard aliyekuwa akikimbia vita. Gérard alimsukuma mtoto mbele, akasema, "Mama yake atafuata," akanywa maji, akakataa chakula, akaondoka mbio kana kwamba ameacha jungu motoni. Annie alikuwa na miaka tisa. Alilala kitanda kimoja na Claudine, binti wa pili wa nyumba, alichota maji bila kutumwa, na hakusema mengi. Kila Ijumaa Alexis alikwenda kituoni kuwauliza watu wa treni zinazotoka kaskazini kwa njia ya Kamina kama wamemwona mama mmoja mwembamba, mwenye alama ya kuungua mkononi. Hawakumwona. Alirudi akisema njia ni mbaya, atakuja treni ijayo.

Basi jibu lake lilikuwa lile lile. "Annie iko mugeni, Mama Émile. Mama yake atakuya kumubeba. Mugeni hapana kumukatia carte ya saison."

Victorine aliweka mwiko chini. "Mugeni ya miezi ine? Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Huyu nilisha mupa jembe, nilisha mupa ndoo, nilisha mupa na ngambo ya kitanda ya Claudine. Sasa unataka nimupe nini ili akuwe mutu ya hapa?"

Alexis akarudi kwenye daftari. Kila mtu kadi yake, watu saba: mia nne na ishirini, wazimu mtupu. Kadi ya familia ya watu sita, na Annie kadi yake peke yake: mia tatu na kumi, na bado hiyo kadi ya peke yake ilikuwa ya msimu mzima, jambo ambalo hakulitaka. Kuponi, je? Wakienda mara tano tu, vitabu viwili vinatosha, faranga mia mbili, na hakuna jina la mtu. Wakienda mara ya sita, wanaingia kitabu cha tatu na faida yote inakwenda na maji. Kwa hiyo, akatangaza mezani, familia hii itaenda Karavia mara tano.

Kelele zilizozuka hapo, acha tu. Émile, aliyekuwa na miaka kumi na minne na akili ya wakili, aliuliza kama hizo mara tano zitachaguliwa na nani. Claudine alilia. Wadogo wawili walilia kwa sababu Claudine analia. Annie peke yake ndiye aliyeendelea kukusanya sahani.

Ikawa habari ya mtaa. Mtu hawezi kulinganisha kwa siri katika nyumba yenye kuta nyembamba. Mama Kapinga, jirani yao, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuja kutoka Kasai akiwa msichana, alikuja kukopa chumvi na akabaki nusu saa kutoa ushauri ambao hakuulizwa.

"Weye Baba Émile, kamata kuponi. Carte ya saison? Mu hii inchi? Nani anajua mwezi ya kumi tutakuwa fasi gani?" Akacheka. Watu wa Kasai mwaka ule walicheka hivyo hivyo, maana walikuwa wanasikia sokoni watu wakisema warudi kwao. "Kuponi haina kusema utakuwa hapa. Ukikuwa hapa, unaingia. Ukikuwa hauko, umepoteza kidogo."

Alexis alifurahi. Mwishowe mtu mwenye akili! Alimsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa padri. Aliporudi alimkuta mkewe amesimama, mikono kiunoni.

"Minajua juu ya nini unapenda kuponi," Victorine alisema. "Hapana bei. Unaipenda juu haina majina."

"Ni hesabu, Mama Émile."

"Hesabu, hesabu! Hesabu ya batu saba, Émile anaimaliza mbele maji haijachemuka. Weye uko na majuma tatu. Shida haiko franga. Shida iko Annie. Unaogopa kumuandika."

Kweli aliogopa, na kuambiwa kulimkasirisha maradufu. Victorine alitaka aseme nini? Kwa kina Mwape, mtoto ambaye mama yake yu hai haandikwi chini ya mtu mwingine. Ukimwandika, umemzika mama yake kwa kalamu. Na Alexis, aliyeshinda miaka ishirini akiamua kwa alama moja nani yupo na nani hayupo, aliijua kalamu kuliko wote. Angélique hakuwa kwenye daftari la waliofika, lakini mradi hajafutwa, alikuwa njiani. Ndivyo alivyojiambia kila Ijumaa akitoka kituoni mikono mitupu. Akamjibu mkewe kwamba wanawake hawajui kulinganisha vitu, jibu la kijinga, na akala chakula kikiwa baridi.

Jumapili ya nne, baada ya misa, alisalimu amri. Hakusalimu kwa mkewe, alisalimu kwa watoto, ambao walikuwa wamegoma kumwamkia. Walipanda basi, kisha wakatembea, watu saba kwa mstari katika ule ubaridi wa mwezi wa sita unaokausha midomo. Alexis alitangulia amevaa koti la arusi yake. Mfukoni alikuwa na faranga mia mbili kamili za vitabu viwili vya kuponi, na mia nyingine mbili alizozichukua kwa sababu Victorine alimtazama.

Langoni palikuwa na foleni. Walisimama robo saa wakisikia muziki wa farasi na kelele za watoto wa wengine wakifurahi. Dirishani alikaa kijana mmoja, Clément, na kofia ya karatasi aliyovalishwa na Mgiriki wake, naye alionekana kuichukia.

"Bitabu bibili bya kuponi," Alexis alisema.

"Kuponi ilisha, baba. Tangu jana."

"Ilisha namna gani? Iko ku ubao!"

"Ubao iko, kuponi haiko. Batu bote banataka kuponi tu. Carte ya saison, hapana mutu. Patron anasema atachapisha bingine. Siku gani, sijue."

Kumbe mji mzima ulifikiri kama Mama Kapinga. Majuma matatu ya kulinganisha, karatasi tisa za daftari, ugomvi na mke, mgomo wa watoto, na kitu alichokichagua hakipo! Alexis alimuuliza Clément kama hii ni bustani au mchezo wa kudanganya watu wazima. Clément alisema kwa adabu kwamba nyuma yake kuna watu.

"Sasa nipe carte ya famille. Baba, mama, batoto bane." Akataja majina, Clément akaandika. "Na huyu mutoto, tiketi ya leo."

Clément aliinua macho. "Lakini carte inabeba batano, baba. Fasi iko. Utaweka tu signature yako pembeni ya jina yake, na yeye anaingia bule mupaka mwezi ya kumi."

"Nimesema tiketi ya leo."

"Na juma ingine?"

"Juma ingine, tiketi ingine. Kama angali hapa."

Victorine alifumba macho. Mumewe, mtu aliyeweza kuzunguka soko kwa tofauti ya nusu faranga, alikuwa anachagua mbele ya umati kitu cha ghali kuliko vyote vilivyoandikwa kwenye ubao. Faranga kumi na tano kila Jumapili, mara kumi na tisa zilizobaki. Hata wadogo waliona aibu.

Annie alimvuta koti. Kwa majuma matatu alikuwa amesikia hesabu zote akiosha sahani, na alikuwa amezishika. "Mujomba, ile iko bei sana. Ya kila siku inapita zote."

"Nyamaza, mama. Itakuwa ya siku kidogo tu. Mama yako atakuya."

Mtoto alimtazama Victorine, akatazama chini. Aliposema, alisema polepole, kama mtu anayeungama kwamba amevunja chombo.

"Mama hatakuya, mujomba. Alikufaka."

Clément akavua kofia yake ya karatasi.

"Nani alikuambia?" Alexis aliuliza.

"Nilimuonaka. Balimuzika nyuma ya kanisa. Nilitupa na udongo. Baba Gérard alisema mutoto hatangazake kifo mbele ya bakubwa, yeye njo atasema tukifika. Tukafika, akasema mama atafuata. Nilifikiri atarudi aseme kweli. Nilimungojea. Halafu weye ulikuwa unaenda kila juma ku treni."

Hakuna aliyekuwa amekosa adabu, hilo ndilo lililomuuma Alexis mpaka akataka kupiga kitu. Gérard alijua kwamba kifo hutangazwa na mtu mzima, mdomo ukamshinda, akakimbia. Mtoto alijua kwamba mdogo hamkanushi mkubwa, akafunga kinywa miezi minne, akichota maji. Na yeye, mjomba, pointeur, alikwenda kituoni kila Ijumaa kumngoja maiti, huku mtoto huyu akimtazama anavyotoka na anavyorudi. Alimlaani Gérard kwa sauti, mbele ya watu waliotoka misani. Akailaani vita, treni, Mgiriki na kuponi zake. Kisha hakubaki na wa kumlaani isipokuwa mwenyewe.

"Andika," alimwambia Clément.

"Niandike nini, baba?"

"Annie. Mutoto ya tano."

Akaweka saini pembeni. Mkono wake, uliotia alama maelfu ya majina bila kukosea, uliharibu herufi mbili. Akalipa mia mbili na hamsini, na hakungoja kuhesabu chenji.

Émile aliuliza kama sasa wanarudi nyumbani. Swali lilikuwa la haki. Nyumba yenye msiba haichezi, na msiba wao, ingawa ulikuwa wa miezi minne, ulikuwa umefika sasa hivi. Annie alikuwa amegeukia waya, anatazama farasi. Hakuomba kitu, lakini alikuwa anatazama.

"Batoto baingie," Victorine alisema. "Bote batano. Siye bakubwa tutaketi hapa."

Akafungua kitambaa cha kichwani, akajifunga kiunoni, akavua viatu na kukaa kwenye vumbi, hatua chache kutoka dirisha la tiketi. Alexis akavua viatu vyake, akavua koti la arusi, akakaa karibu naye. Victorine ndiye aliyeanza. Alimlia Angélique kwa jina, kwa jina la baba yake, kwa jina la kijiji, kwa sauti iliyozima muziki wa mashine. Mwanamke mmoja wasiyemjua akatoka kwenye foleni na tiketi yake mkononi, akavua viatu, akakaa. Wa pili akamfuata, kisha mzee mmoja na mkewe. Hawakuuliza ni nani amekufa. Clément akafunga dirisha.

Ndani, farasi walikuwa wakizunguka. Annie alipanda wa mwisho, ameshika fimbo ya chuma kwa mikono miwili. Mzunguko wa kwanza alipita akiwa ameduwaa, anatazama watu wazima wamekaa chini nje ya waya, wanamlia mama yake. Wa pili alipita ameinua kidole, kana kwamba anawahesabu. Alipokuja mara ya tatu uso wake ulikuwa umelowa, kinywa wazi, analia kwa sauti kama mtoto mwingine yeyote aliyefiwa. Mwendesha mashine aliona, akapeleka mkono kwenye swichi ili azime. Alexis akamwonyesha kwa kichwa aache izunguke.